Mashine Inajua

Wewe unayesoma, weka kando kidogo unachofanya, unisikilize. Jambo lenyewe ni jepesi kueleza, na pengine ndiyo sababu nililieleza vibaya. Mtu akipiga simu kutoka nyumba iliyo mlimani, katika kisiwa kimoja cha Karibi ambako watu huongea Kifaransa, simu yake haipokelewi kisiwani. Inavuka bahari na nusu ya Marekani, halafu inalia sikioni mwa mama wa Kikongo aliyeketi kwenye jengo la ghorofa moja kusini mwa Louisville, jimbo la Kentucky, mtaa wa Iroquois, mlango wa pili kutoka duka linalouza unga wa muhogo na samaki wakavu. Mama anaitikia kwa Kifaransa. Yule aliyepiga hajui kama anaongea na Kentucky. Anajua kwamba kwake umeme umekatika na anataka urudi. Katika nyumba ninayokumbuka mimi, mlimani kule, kulikuwa na mwanamke mzee aliyepumua kwa mashine inayotumia umeme. Nitakueleza jinsi sisi, kwa wema wetu wote, tulivyomwacha gizani.

Kampuni ya umeme ya kisiwa hicho ilikuwa imelemewa na malalamiko. Watu walipanga foleni juani mbele ya dirisha moja, na simu ya ofisi ililia hadi mwenye shida akakata tamaa. Wakaomba msaada kwa kampuni moja yenye makao katika mji wa Columbus, jimbo la jirani la Ohio, iwaletee mitambo ya kisasa na watu wa kupokea simu. Kuna mtu huko Columbus aliyekumbuka kwamba Louisville kuna Wakongo wengi wanaojua Kifaransa, nao wanashinda wakibeba maboksi kwenye maghala. Ndivyo tulivyopata kazi ya kukaa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Uvira, na Louisville nilikuwa nabandika lebo kwenye vifurushi hadi vidole vikaota sugu. Nikaajiriwa kuwafundisha wenzangu. Tangu siku ya kwanza hawakuniita kwa jina. Waliniita mwalimu, na nikajisikia kama mtu aliyerudishiwa nguo zake.

Nataka uelewe mitambo yenyewe, maana yote yamo humo. Kila nyumba kisiwani ina mita. Mita mpya zinajisemea zenyewe. Umeme ukikatika, mita inatuma ujumbe kwenye kompyuta ya kampuni, na mafundi wanaona mtaa gani una giza hata kabla ya mtu kupiga simu. Mita za zamani ni bubu. Wakati ule mitaa ya chini, karibu na bandari, ilikwisha kuwekewa mita mpya. Mitaa ya mlimani bado. Kwa hiyo mtu wa mlimani akipiga simu, anayepokea lazima abonyeze kitufe chekundu kwenye skrini, na hapo ndipo mafundi wanapata habari. Asipobonyeza, hakuna anayejua isipokuwa wenye giza wenyewe.

Haya yote nilielezwa vizuri. Aliyenieleza alikuwa kijana mhandisi wa Columbus, Mtanzania wa Tanga, aliyenipa shikamoo kila tulipoongea hadi nikazoea kuitikia marahaba, ingawa kwetu Uvira hatuna mazoea hayo. Alinieleza mara mbili. Nilielewa. Siwezi kusema kwamba sikuelewa.

Tatizo lilikuwa darasani kwangu. Wanafunzi wangu walikuwa mama watu wazima, wengine hawajawahi kugusa kompyuta, na kitufe kile chekundu kiliwatia hofu kama jiko la mkaa lililoachwa wazi.

"Mwalimu," alisema mmoja, mama aliyetoka Fizi, kusini mwa kwetu Uvira, mnene kidogo, mwenye sauti tamu ya kuongoza kwaya, "minaogopa hii kitu. Nikigusa pabaya, si nitazimisha kisiwa muzima?"

"Bon, wakizimiwa watajua vile siye tuliishi," alidakia mwenzake.

"Wewe, nyamaza! Watatufukuza wote juu yako."

Tulicheka sana. Lakini wiki za kwanza walikibonyeza kile kitufe kwa kila kitu. Mtu akiuliza saa za ofisi, kitufe. Mtu akikosea namba, kitufe. Mafundi wa kisiwani wakawa wanapanda mlima na ngazi zao na kukuta taa zinawaka na wenye nyumba wanawashangaa. Malalamiko yakaja Columbus, na kutoka Columbus yakaja kwangu. Nikaambiwa niwafundishe kukitumia kwa uangalifu. Niliporudi darasani na habari hiyo, mama wa Fizi alilia mbele ya wote. Alikuwa na mume aliyeumia mgongo ghalani, na kazi hii ndiyo iliyomwezesha kuwa nyumbani mchana kumgeuza kitandani. Aliona ameshafukuzwa.

Mimi sivumilii mtu alie darasani kwangu. Nilikaa karibu naye, nikamshika mkono, nikamwambia, "Mama, usijitese. Usikibonyeze ovyo, basi. Mashine inajua. Umeme ukikatika, mashine inajua yenyewe. Kazi yako wewe ni mtu aliye kwenye simu."

Nilisema hivyo ili atulie, na akatulia. Nilijua kwamba nimemwambia nusu. Nilikusudia nusu ya pili nimwambie siku nyingine, akiwa amezoea. Mwalimu yeyote hufanya hivyo, humpa mtoto kujumlisha kabla ya kugawanya. Ila siku ile nyingine haikufika, kwa sababu mambo yalianza kwenda vizuri mno.

Ngoja nikueleze kwa nini nusu ile iliingia vichwani mwao kirahisi hivyo. Sisi tumekulia mahali ambapo umeme ni kama mvua. Kwetu courant ikienda, hakuna anayempigia mtu simu kumwambia. Umpigie nani? Ungeonekana umerukwa na akili, kama mtu anayeandika barua kudai jua litoke. Unawasha mshumaa, unaendelea na sombe yako, majani ya muhogo, jikoni, na ikirudi mtaa mzima unapiga kelele. Jirani akikuambia kwake kuna giza, humwambii "nitatoa taarifa." Unamwambia pole, unakaa naye. Kwa hiyo nilipowaambia kwamba mashine inajua na kazi yao ni mtu, niliwaambia kitu walichokuwa wakikijua tangu utotoni. Darasa zima liliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeuliza swali, na mimi nikadhani nimefundisha vizuri.

Niliwafundisha kutoa pole. Niliwaambia wasikimbilie namba ya akaunti, wamsalimu mtu kwanza, wamwache amalize. Watu wa kile kisiwa nao ni watu wa salamu. Ukiingia na maneno yako bila kuwatakia asubuhi njema wanakuona huna adabu. Wakakutana na mama zetu wa Kikongo, ikawa kama ndugu waliopotezana. Mwisho wa kila simu mteja huombwa abonyeze namba kuonyesha kama ameridhika, na alama zetu zilipanda hadi watu wa Columbus wakadhani kompyuta imeharibika.

Wakaniita Columbus. Nilipelekwa kwa gari la kampuni, nikakatiwa keki, mkubwa mmoja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Yule kijana wa Tanga alinisindikiza hadi kwenye maegesho.

"Mwalimu, umewapa dawa gani hawa mama?"

"Adabu tu, mwanangu."

Akacheka. Halafu akauliza, huku akinifungulia mlango wa gari, "Na wale wateja wa mlimani, wa mita za zamani. Mama wanabonyeza?"

"Wanabonyeza," nikasema.

Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa na keki mkononi, imefungwa kwenye karatasi ya jikoni, naipeleka kwa binti yangu. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo kuliko kusema sijui.

Baada ya hapo kampuni ikaamua kufungua chumba kingine cha simu Buffalo, ambako nako kuna watu wetu wengi, nami nikatumwa kwenda kuwafundisha. Asubuhi ya safari nilikuwa Louisville nikisikiliza simu za siku iliyopita, maana ilikuwa sehemu ya kazi yangu kuzisikiliza na kuzipa alama. Nikaikuta moja ya mama wa Fizi. Aliyepiga alikuwa mzee wa mlimani. Nakupa mazungumzo yao kwa lugha yetu, jinsi nilivyoyasikia.

"Habari za jioni, mama. Umeshindaje?"

"Nimeshinda salama, papa. Na nyumbani kwako?"

"Kwangu hatujambo. Umeme tu umekatika, tangu mchana."

"Oh, pole, papa. Pole sana."

"Ningejishughulisha na kuku wangu, lakini mke wangu anapumua kwa mashine. Sasa hivi iko kwenye betri. Betri inaweza kushika mpaka usiku, sijui. Najiuliza nimteremshe kwa binti yetu mjini wakati bado kuna mwanga, au ningoje. Mwenyewe hataki. Anasema hatoki nyumbani kwake."

"Amekaa hapo siku nyingi?"

"Tangu tulipooana. Ukuta huu ameupaka chokaa kwa mikono yake."

"Basi mwache atulie, papa. Mungu ni mwema. Umeme utarudi, wanajua, wanashughulika. Usiogope. Mwambie mama nimemsalimu."

"Amekusikia. Anatabasamu."

Wakaongea kidogo habari za kuku, wakaagana kwa baraka. Nilivua vifaa vya masikioni machozi yakinilengalenga. Nikampa alama zote. Ile karatasi ya alama nilikuwa nimeitunga mwenyewe. Ilikuwa na sehemu ya salamu, sehemu ya pole, ya subira, ya kuagana. Haikuwa na sehemu ya kitufe. Nilisikia neno mlimani, nikasikia neno betri, na vyote vikapita kama magari ya watu wengine barabarani. Nilichofikiri ni kwamba hii ndiyo simu ya kupeleka Buffalo, wajifunze kazi inavyofanywa. Nikaihifadhi na kwenda uwanja wa ndege.

Buffalo kulikuwa na theluji hadi magotini. Darasa lilifanyika kesho yake kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja huko North Buffalo, wenye mabomba ya joto yaliyogongagonga kama mtu anayetaka kufunguliwa. Wanafunzi walifika wakipiga miguu chini, wanakung'uta viatu. Mmoja wao alitoka Lackawanna, mji wa jirani, baba wa makamo aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha plastiki na mgongo umemshinda. Alikuwa mcheshi. Kabla sijaanza alikwisha kuwauliza wenzake kama huko kisiwani wanapokea wakimbizi, maana theluji hii siyo ya Mkristo.

Nikawasikilizisha ile simu. Mama wawili walipangusa macho. Ilipoisha nikauliza, kama mwalimu anayejua jibu, "Haya, mmesikia nini humo ambacho ni kizuri?"

Yule baba wa Lackawanna akanyoosha mkono.

"Donc, mwalimu, courant ilirudia ao?"

Watu wakacheka.

"Papa, mwalimu anauliza habari ya adabu, wewe unataka mwisho wa filamu!"

"Sasa mutanipa adisi bila mwisho? Ile maman iko na betri. Ilifika kesho?"

Na yeye alikuwa anacheka. Alitaka tu kujua hadithi iliishaje, kama mtu yeyote.

Nikafungua kompyuta mbele yao. Ukurasa wa yule mzee ulikuja. Ile simu ilikuwepo, na alama zangu pembeni yake. Chini yake kulikuwa na simu nyingine mbili za usiku ule ule, zilizopokelewa na mama wengine wa Louisville, wanafunzi wangu pia. Mahali pa taarifa kwa mafundi palikuwa peupe. Hakuna aliyebonyeza. Wote walimpa pole.

Nilitoka hadi kwenye ngazi, nikampigia kijana wa Tanga.

"Shikamoo mwalimu."

"Mwanangu, niangalizie mtaa wa mlimani. Wana umeme?"

Nilisikia vidole vyake kwenye kibodi.

"Mwalimu, kwenye ramani yetu mlimani hakuna hitilafu hata moja. Hakuna taarifa iliyoingia." Akafungua ukurasa mwingine. "Lakini waya unaopanda huko umekatika chini, naona mzigo wake, yaani umeme unaopita humo, umeshuka tangu juzi. Hakuna aliyeutazama kwa sababu hakuna aliyelalamika."

"Wamelalamika," nikasema. "Wamelalamika kwetu."

Hakuniuliza kuhusu lile swali la maegesho. Mpaka leo hajaniuliza. Alisema tu, "Nawapigia mafundi sasa hivi," na akakata.

Mimi nikaanza kupiga namba ya mzee. Haikupatikana. Nikapiga tena. Wanafunzi walikuwa wamesimama mlangoni nyuma yangu, hakuna aliyewaita. Baba wa Lackawanna alikuwa ameshika kofia yake kifuani.

"Mwalimu, samahani. Mi nilikuwa nataniaka tu."

"Hapana, papa. Uliuliza vizuri."

"Tuombe ao tungoje?"

"Ombeni. Mimi nitapiga."

Wakaomba kwa sauti ya chini, kila mmoja kwa maneno yake, huku mimi nikibonyeza namba ile ile. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: kwamba pengine nimebeba habari ya mwanamke anayetabasamu, nimeipeleka kwa ndege hadi Buffalo nikiionea fahari, na mwenyewe amekwisha kufa.

Mwishowe simu ikapokelewa. Alikuwa mzee mwenyewe. Nilijitambulisha, nikamuuliza habari ya mke wake bila salamu yoyote, mimi niliyewafundisha wote kusalimu.

"Yupo," akasema. "Yupo, mama. Yupo hospitali, lakini anapumua."

Akanieleza taratibu. Betri ilizimika usiku. Mke wake alianza kuhema, midomo ikabadilika rangi. Akaamsha majirani, wakamfunga kwenye kiti kwa shuka, wakamteremsha mlima gizani kwa tochi za simu, kwa njia ya mawe ambayo hata mchana mtu huishika kwa mikono. Waliteleza mara moja, mke wake akavunjika nyonga. Daktari alisema ataishi. Binti yao alisema kurudi mlimani basi, hatarudi tena. Atakaa kwake mjini, chumba cha nyuma. Simu ya mzee ilikuwa imezimika na ndiyo kwanza amepata pa kuichaji.

Nikamwambia mafundi wanapanda. Akashukuru. Nikamwambia kosa lilikuwa letu, kwamba walipaswa kwenda siku ile ile, kwamba hakuna aliyewaambia. Halafu akasema kwa upole kabisa, bila chembe ya kisirani, maneno ninayoyasikia hata ninapoosha vyombo.

"Yule mama niliyeongea naye jioni ile, nisalimie. Mimi nilikuwa na hofu sana. Nilikuwa nimeshakwenda kumwita jirani anisaidie kumteremsha. Lakini yule mama alinifanya nisiogope. Nikamwambia jirani arudi nyumbani."

Angenitukana ningelala. Nilichokuwa nimewafundisha mama zangu kilifanya kazi barabara. Kilimwondolea mzee hofu, na hofu ndiyo ingemteremsha mke wake mlimani kungali na mwanga, kwenye kiti kile kile, kwa njia ile ile, miguu ya watu ikiona mawe.

Columbus walikaa kikao. Nilieleza yote, pamoja na jibu langu la maegesho. Mkubwa yule wa mikono miwili alisikiliza, kisha akasema jambo muhimu ni kwamba tumeligundua. Walibadilisha mtambo. Sasa mtu wa mita ya zamani akipiga simu, skrini haimruhusu mpokeaji kufunga mazungumzo kabla hajajibu kama umeme upo au haupo. Ni mabadiliko mazuri, na nimeyafundisha mwenyewe. Mimi sikuadhibiwa. Nilipandishwa cheo niwe nasimamia mafunzo ya miji yote miwili, na kwenye barua yao waliandika kwamba nilionyesha uangalifu. Nilisaini. Kijana wa Tanga aliniambia nisijilaumu, kwamba mtambo uliojengwa ili mtu akumbuke kitufe ni mtambo mbovu. Kwa upande wa uhandisi yuko sahihi. Hainisaidii.

Lililonitisha zaidi lilikuwa kumwambia mama wa Fizi. Nilikwenda kwake Iroquois siku ya Jumapili baada ya ibada. Mume wake alikuwa amelala upande wa ukuta, redio inasema polepole. Mwana wao alinifungulia mlango kwa Kiingereza, akarudi kwenye mchezo wake. Nilimweleza mama kila kitu jikoni, amesimama na mwiko.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Bon," akasema. "Mi nilifanya vile ulisema, mwalimu."

"Ndiyo, mama. Ulifanya nilivyosema."

"Uliniambia mashine inajua."

"Nilikuambia."

"Na wewe ulijua kama ile ya mulimani haijue?"

Ningeweza kusema kwamba nilikusudia kumwambia baadaye. Ilikuwa kweli. Lakini niliona haimstahili.

"Nilijua. Niliona unalia, nikataka unyamaze."

Akageuka akakoroga chungu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwalimu," akasema akiwa amenipa mgongo, "siku ingine niache nilie. Unipe yote, nilie, nimalize."

Kisha akauliza kama yule mama wa kisiwani amepata dirisha katika chumba chake cha nyuma. Nikasema sijui. Akasema niulize. Nikauliza, kesho yake. Lipo dogo, linatazama ukuta wa jirani.

Kwa miezi kadhaa mama wa Fizi hakumpa mtu pole kwenye simu. Alikuwa anasema mtaa, namba, umeme upo au haupo, asante. Wateja walilalamika kwamba amekuwa mkavu. Mimi niliyekuwa nikisikiliza sikuthubutu kumkosoa, kwa maana nilijua ni nani aliyemnyang'anya lile neno. Siku hizi limeanza kumrudia, ila mahali pengine. Anabonyeza kwanza. Anasubiri namba ya taarifa itokee, anaisoma kwa sauti, anamwomba mteja airudie. Anamuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa, na kama yupo anamwambia wazi: "Papa, mi sijue itarudi saa ngapi. Mutoe mugonjwa sasa, kungali mwangaza." Ndipo anasema pole. Sikumfundisha mimi. Mimi siku hizi ninapofundisha nawaeleza yote siku ya kwanza, pamoja na mita bubu, na wakilia nangoja.

Mzee wa mlimani bado hupiga simu mara moja moja. Hana shida, anasalimu tu. Umeme wake upo. Anapanda asubuhi kuwalisha kuku, anafungua madirisha ya nyumba ili isinuke unyevu, anateremka jioni. Kila mara ananishukuru.

Sasa wewe. Yawezekana nyumbani kwako yupo mtu anayepumua kwa mashine, au dawa yake inakaa kwenye friji, iwe hapo Louisville, Columbus, Buffalo, au kwa mama yako kokote aliko. Usidhani kampuni ya umeme inajua. Tafuta namba yao kwenye bili, upige leo mchana, taa zikiwa zinawaka. Waambie kuna mgonjwa anayetegemea umeme, uombe waandike hivyo kwenye akaunti, na kabla hujakata simu waombe wakusomee walichoandika.